Mseto na Mbuzi wa Taru

Jambo lililoninyima usingizi mwezi mzima lilikuwa nambari moja. Nilikuwa nimeandika programu, na programu ikitolewa kwa watu kwa mara ya kwanza huitwa toleo 1.0. Ukishaandika hivyo umesema mbele ya watu kwamba kazi imekamilika, na mimi sikuwahi kumaliza kitu maishani bila kurudi kukitazama. Kwa hiyo nilikuwa nimefika 0.9, nikaenda 0.99, nikaenda 0.995. Asubuhi moja mwenzangu Odhiambo alichungulia skrini yangu, akakuta 0.9987, akaniuliza kama naandika programu au napima dhahabu.

Nilistaafu mwaka jana, mapema kuliko wenzangu, kwa sababu macho yamekataa. Baadhi yenu, vijana wa kompyuta wa hapa Ukunda, mliniomba niwaandikie kuhusu kazi. Nadhani mlitaka kujua nilivyofanikiwa. Nitawaeleza kuhusu mbuzi sitini.

Kwanza mnijue nilivyokuwa. Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, mwaka ambao kila mtu aliogopa kompyuta zitazimika ukiingia wa elfu mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na shahada niliyoihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko huo ndani ya mfuko mwingine. Kwetu ni Shimba Hills, kwenye skimu ya makazi. Wazazi wangu walitoka Ukambani wakapata shamba huko, nasi watoto tukakua na Kiswahili cha majirani zetu Wadigo. Nilikuwa mtu wa kuwaza. Nikitumwa chumvi nilifikiria kwanza kama duka limefungwa. Kama halikufungwa, chumvi imekwisha. Kama haikwisha, iliyobaki ni ile ya mawe. Mama alikuwa akiniambia kwamba mboga hupoa mimi nikiwa bado mlangoni.

Nilipoajiriwa katika hoteli moja ya Diani kutunza kompyuta, siku ya kwanza nilifungua daftari nikaanza kuandika kila kitu kinachoweza kuharibika. Nilifika mia mbili na kumi na nne. Nambari thelathini na moja ilikuwa tumbili kuingia dirishani na kubonyeza vitufe. Msicheke, waliingia mara mbili. Nambari ya tisini ilikuwa hewa ya chumvi kuharibu disketi, na hiyo pia ni kweli. Disketi zangu nilizifunga ndani ya nailoni nikazizika ndani ya kopo la mchele mkavu, na hata leo nikiona kopo la mchele nyumbani kwa watu, mkono unataka kupapasa kama kuna kazi ya mtu ndani.

Mbuzi hawakuwamo katika daftari lile.

Kompyuta kuu ilikaa katika chumba cha ununuzi, chumba pekee nyuma ya hoteli chenye kiyoyozi kilichofanya kazi. Watu wa jikoni walilijua hilo. Ukiingia asubuhi ulikuta keki ya harusi ya wazungu imetua juu ya mashine, orofa tatu, na kama ulitaka kufungua kifuniko ilibidi ungoje watu waoane kwanza. Skrini ilikuwa moja, ya maandishi ya kijani. Hapakuwa na picha wala kipanya. Uliandika amri, ukabonyeza Enta, ukangoja.

Ile programu inayopokea amri yako, ikaielewa na kuipeleka ndani kwa mashine, inaitwa sheli. Nilipolitaja neno hilo Ukunda watu walinielekeza kituo cha petroli, basi nikazoea kusema kwamba sheli ni kama karani wa dirishani: humwoni mkubwa, unamwona karani, na adabu ya ofisi nzima utaijua kwake. Mashine yetu ilikuwa na makarani watatu, kwa kuwa kila fundi aliyewahi kuitunza aliongeza sheli aliyoipenda. Ya kwanza haikukumbuka kitu wala kusamehe kosa, lakini ukiiandikia kazi ndefu ya hatua ishirini ilizimaliza zote. Ya pili ilikuwa na kumbukumbu: ukiandika alama mbili za mshangao, ilirudia amri yako ya mwisho. Ya tatu ilimalizia maneno: uliandika herufi tatu, ikajaza zilizobaki.

Mimi nilikuwa mtu wa ile ya kwanza. Odhiambo, kijana wa Kisumu aliyepitia Nairobi, alikuwa na cheti cha kompyuta na alipenda ya tatu, kwa sababu hakupenda kuandika neno lolote mpaka mwisho wake. Ya pili ilikuwa ya Bi Mwanakombo.

Bi Mwanakombo wa Msambweni ndiye aliyeshika stoo na maagizo yote ya hoteli. Hakuwa na cheti. Alijifunza kompyuta kwa kuangalia vidole vya fundi aliyekuja kuifunga, siku tatu mfululizo, bila kuuliza swali hata moja, na fundi alipoondoka akakaa. Nilipofika alikuwa amekalia kiti kile miaka kumi na miwili. Siku yangu ya tatu kazini nikiandika amri ya kufuta niliacha nafasi moja kati ya nyota, alama ya kusema "vyote", na jina la faili, nikafuta menyu zote za wiki. Nilitoka nje nikakaa juu ya kreti la soda nikiandaa barua ya kujiuzulu kichwani. Yeye aliniita ndani, akanikalisha, akazitaja menyu zote kwa moyo, kutoka supu ya Jumatatu hadi matunda ya Jumapili, mimi nikiandika. Alipomaliza akasema kwamba kichwa hakihitaji umeme. Tangu siku hiyo, kabla ya kufuta huwa naagiza kwanza orodha ya vile nitakavyovifuta. Nikiona orodha ni yenyewe, ndipo nafuta. Lichukueni hilo hata kama hamtachukua jingine.

Sasa sikilizeni desturi ya chumba kile, kwa maana mambo yote yalitoka hapo. Mkubwa akiingia, ulimpisha kiti. Hukumwambia asubiri ufunge kazi yako, maana kufunga skrini mbele ya mtu mzima ilikuwa sawa na kumfungia mlango usoni. Ulisimama, ukasema shikamoo, akaketi. Yeye akaandika jina la sheli yake, nayo ikafunguka juu ya ile uliyoiacha. Alipomaliza aliifunga, na yako ukaikuta ilivyokuwa. Odhiambo mwanzoni alikataa kunyanyuka, akasema kazi ni kazi. Bi Mwanakombo alisimama nyuma yake na mkoba mkononi, akipumua tu. Baada ya dakika tano Odhiambo alisimama mwenyewe, na kuanzia hapo alikuwa wa kwanza kunyanyuka akisikia ndara zake barazani.

Taabu ilikuwa kwamba amri iliyokubali katika sheli moja iligoma katika nyingine. Odhiambo alimwandikia Bi Mwanakombo amri ya kuagiza samaki, haikukubali kwake. Yeye akaniachia yake, haikukubali kwangu. Wiki moja samaki walikwama mara mbili, wageni wakala kuku siku nne, na meneja akatuita. Meneja wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema kabla ya wageni wa Pasaka anataka njia moja. Mtu yeyote akae, kazi iende. Kama haiwezekani, atabaki na wenye karatasi za shule.

Hakumtaja mtu. Odhiambo alikuwa na cheti, mimi nilikuwa na shahada katika mifuko yake miwili. Bi Mwanakombo alikuwa na watoto wawili sekondari.

Basi nikaamua kuandika sheli moja yenye mazuri ya zote tatu, ili kila mtu akute tabia yake humo na asiwepo wa kuondoka. Wataalamu wa ng'ambo walikwisha kuandika sheli za kuchanganya, tena bora kuliko yangu, lakini mashine yetu ilikuwa ya zamani na haikuzipokea. Nikachukua nidhamu ya ile ya kwanza, kumbukumbu ya ile ya pili, na umaliziaji wa ile ya tatu. Na hapa niwaambie: kuchanganya ni kugumu kuliko kuanza upya. Alama ya mshangao kwa Bi Mwanakombo ilikuwa kurudia, kwangu ilikuwa kukanusha, na kwa Odhiambo haikuwa na kazi yoyote ila aliipenda. Nililiwazia jambo hilo moja siku tisa.

Jina alilitoa Bi Mwanakombo. Aliniuliza ndani ya programu mna nini, nikaeleza robo saa. Akasema, "Basi ni mseto. Mchele na choroko, sufuria moja." Odhiambo alitaka jina la herufi tatu la Kiingereza, tukapiga kura, akashindwa kwa kura mbili kwa moja.

Bi Mwanakombo pia ndiye aliyeifunza Mseto kusema. Sheli za zamani ukikosea zilikujibu kwa mkato, kama konda. Bi Mwanakombo alisema hawezi kujibiwa hivyo na kitu alichokifuta vumbi mwenyewe miaka kumi na miwili. Basi tukaandika: "Samahani, amri hii siifahamu, tafadhali itazame tena." Kila kazi ikimalizika, Mseto ilieleza imefanya nini, imepeleka wapi, na ikashukuru. Odhiambo alivumilia siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Buda, hii mashine inaongea kama barua ya posa. Kata maneno." Nami, kwa kuwa nilimwogopa yeyote aliyesema jambo kwa uhakika, nikakata. Samahani ikabaki. Lakini maelezo yote ya kazi iliyokamilika nikayafanya neno moja: Imetumwa.

Likumbukeni neno hilo.

Tukaianza Mseto kwa majaribio, sisi watatu tu, ikiitwa 0.9987. Ilikwenda vizuri kiasi cha kunitia wasiwasi. Nilikuwa nimeiwekea swali kabla ya kufuta kitu, Nifute?, na Bi Mwanakombo akajibu kwa kuandika Inshallah. Sikuwa nimeliandalia jibu hilo. Nilitembea ufukweni alasiri mbili nikilipima, kama ni idhini au ni dua, mwishowe nikaifundisha Mseto kwamba mtu akijibu hivyo ingoje na imuulize tena. Alipoulizwa mara ya pili aliandika "nimeshasema". Hayo ndiyo yaliyokuwa matatizo yangu makubwa wiki ile. Wiki iliyofuata alikuja Bwana Nyawa.

Bwana Nyawa alikuwa mfanyabiashara wa mifugo wa Taru, Mduruma mrefu, mtu aliyeweza kukwambia umri wa mbuzi kwa kumsikia akilia. Kila wiki hoteli iliagiza kwake mbuzi kumi na wawili kwa nyama choma ya wageni. Agizo liliandikwa kwenye kompyuta, likatoka kwa faksi hadi duka la simu pale Mackinnon Road, na mwenye duka akamfikishia.

Jumanne ile Odhiambo aliandika agizo la mbuzi, akabonyeza Enta, skrini ikajibu Imetumwa. Mara ndara zikasikika barazani. Akasimama, shikamoo, Bi Mwanakombo akaketi. Asubuhi alikuwa amechapisha orodha ya mboga, sasa alitaka nakala ya pili. Zamani angeandika kwanza jina la sheli yake, na sheli yake ingemkumbukia mboga zake. Lakini sasa sheli ilikuwa moja ya wote, hapakuwa na haja ya kufungua nyingine. Hilo ndilo nililojisifia kwa meneja. Akaandika alama zake mbili za mshangao. Mseto ikarudia amri ya mwisho iliyoijua, nayo ilikuwa ya Odhiambo. Skrini ikajibu Imetumwa.

Printa ilikuwa chumba cha pili, na ilikuwa na tabia ya kuchelewa. Akangoja. Haikulia. Akarudia. Imetumwa. Akarudia tena, na tena. Kisha akaenda kuipiga printa kofi mgongoni, ikakataa hata hivyo, akaiandika orodha ya mboga kwa mkono akaondoka zake.

Alhamisi saa nne asubuhi askari wa getini alinipigia simu ya ndani, akanisalimia, akauliza habari za nyumbani, kisha akataka kujua kama hoteli inafungua zizi.

Nilikuta lori limesimama kati ya mabango ya kuwakaribisha wageni, na mbuzi wameshaanza kuteremshwa kwa kuwa hakuna aliyewakataza. Bwana Nyawa alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alinipa mkono wa heri, akatoa mfukoni karatasi za faksi, tano, zote sawasawa, akazipanga kwenye boneti ya lori moja baada ya nyingine.

"Mwanangu," alisema, "zingekuja mbili ningesema ni haraka ya mtu. Zimekuja tano. Karatasi tano ni harusi."

Kumi na wawili mara tano. Alikuwa amezunguka boma kwa boma hadi Mackinnon Road kuwakusanya, na majirani zake wamemtuma awapongeze wenye shughuli. Nikajaribu kueleza. Kila sentensi niliyoianza niliiona ina kasoro nikaiacha, nikaanza nyingine. Alinitazama nilivyobabaika, uso wake ukalainika, akaniuliza kama bwana harusi ni mimi.

Wakati huo mbuzi walikuwa wamegundua maua ya mkabala wa mapokezi. Mmoja aliingia ndani kabisa, akasimama juu ya vigae vya baridi chini ya feni, akafumba macho. Mama mmoja wa Kijerumani alimpa kipande cha nanasi kutoka kwenye glasi yake na kumwomba mumewe apige picha. Odhiambo alikuja kusimama kando yangu, mikono kichwani.

"Buda, hii ni noma," akasema. "Mbuzi ni wengi kuliko wageni."

Meneja alifika, akatazama maua yake, akatazama karatasi tano, akauliza neno moja: nani. Odhiambo akasema yeye alituma mara moja, na alisema kweli. Bi Mwanakombo alikuwa ametoka stoo, kalamu sikioni. Alizichukua karatasi, akasoma saa zilizoandikwa juu yake, akafikiri kidogo.

"Mkono uliorudia ni wangu," alisema.

Mimi nilijua. Tangu niliposikia tano nilijua ilivyokuwa, hatua kwa hatua, kama mtu anayeisoma kazi yake ubaoni. Mkono ulikuwa wake, lakini aliyevunja ukuta kati ya kumbukumbu yake na ya Odhiambo nilikuwa mimi, na aliyekata maneno ambayo yangemwambia kwamba wameagizwa mbuzi nilikuwa mimi. Nikaanza kuitunga sentensi. Nilitaka iwe ya haki kwa wote, isimlaumu Odhiambo, isionekane najitetea, na ieleze tofauti ya sheli ndani ya sheli na sheli moja ya wote. Nilipoipata ilivyopaswa kuwa, meneja alikuwa ameshaondoka. Alimwambia Bi Mwanakombo akabidhi funguo Jumamosi.

Na mnadhani yeye alifanya nini? Aliuliza mbuzi wanarudi vipi Taru. Bwana Nyawa akasema mbuzi wa watu hawarudishwi njiani kama barua iliyokosa anwani, ni aibu kwake. Idd ya kuchinja ilikuwa siku kumi mbele. Bi Mwanakombo alihesabu kumi na wawili wa hoteli, akawaamuru wengine warudi garini, akapanda mbele kando ya Bwana Nyawa, akampeleka Msambweni. Kabla ya alasiri mbuzi arobaini na wanane walikuwa wamepata wenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa watu waliomjua tangu utotoni. Alikuwa amefukuzwa kazi asubuhi ileile.

Ijumaa nilikwenda kumwomba radhi. Nilikuwa nimeandika kurasa nne. Mlango wa chumba cha ununuzi ulikuwa wazi, nilimwona ndani akifunga kila ufunguo kwa kitambaa cha rangi yake: nyekundu nyama, buluu samaki, kijani mboga. Nikasema hodi, akasema karibu, nikaingia nikampa kurasa. Hakuzisoma. Aliziweka chini ya funguo zisipeperuke.

"Umepiga hodi," akasema.

"Ndiyo, Bi Mwanakombo."

"Mlango u wazi. Unaniona, nakuona."

"Ndiyo."

"Umepigia nini basi?"

Nikasema ni desturi.

"Ni ili mimi nijue nani kaja, nijiweke sawa. Hata chumba kikiwa cha wote." Akaielekeza skrini kwa ufunguo wa samaki. "Sasa hii yako, Odhiambo kaondoka, mimi nimekaa, yenyewe bado inazungumza na Odhiambo. Haikufundwa, mwanangu."

Nilikaa kwenye kiti pale pale nikaandika. Mistari kumi na mmoja, wanangu. Mtu akikaa ataandika hodi na jina lake. Mseto itaiweka kando kumbukumbu ya aliyetoka bila kuifunga, itafungua ya aliyeingia, na itamjibu karibu kwa jina. Akisema kwaheri, ya mwenzake itarudi. Nikayarudisha na maneno niliyoyakata, ili kila kazi itajwe imekwenda wapi, na nikaongeza kwamba amri yoyote ya kutuma kitu nje ya hoteli, ikirudiwa, ioneshwe kwanza yote kwenye skrini na ingoje Enta ya pili. Bi Mwanakombo alisimama nyuma yangu akaniambia nijaribu mtu anayesahau hodi. Nikajaribu. Mseto ikauliza: Nani mwenzangu? Akasema hapo sasa.

Kisha akanipa funguo zote. Jumamosi asubuhi alikuwa na mazishi Msambweni, hangefika. "Mpelekee meneja," alisema, "umwambie zimekamilika."

Mtataka kujua mwisho wake, na mimi sipendi kuwaweka watu roho juu. Meneja aliniuliza maswali mawili, akaniita jina ambalo sitaliandika, akanirudishia funguo akasema mwenye stoo afungue stoo Jumatatu, Pasaka imefika. Bi Mwanakombo alikaa kiti kile miaka saba zaidi, mpaka alipojiondoa mwenyewe. Mseto ilitumika mpaka mashine yenyewe ilipokufa. Bwana Nyawa kila akileta kumi na wawili aliniuliza harusi ni lini, na nilipooa kweli alileta mmoja wa zawadi.

Lakini Jumamosi ile asubuhi sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba funguo ziko mfukoni kwangu na zinalia nikitembea. Nilikaa mbele ya skrini, nikaandika hodi na jina langu, Mseto ikasema karibu, Musyoka. Ilikuwa na siku moja tu ya majaribio. Nilikuwa na sababu kumi na saba za kuiita 0.9988 na kungoja, na nikizisoma leo katika daftari naona kumi na tano kati yake ni za kweli. Gari la mboga lilikuwa linanguruma nje, liende kwenye hoteli mbili nyingine za kampuni yetu zilizokuwa zikiingoja Mseto, na dereva alikwisha kuuliza mara mbili kama disketi zake zinakwenda au haziendi.

Nilifungua ile faili ya maelezo inayokwenda pamoja na programu. Ilikuwa na kurasa tatu za tahadhari. Nikaagiza kwanza orodha, nikahakikisha ni yenyewe, nikazifuta zote. Nikaandika mistari miwili:

Mseto 1.0.
Kosa la mbuzi lilikuwa langu, Musyoka. Aliyelirekebisha ni Bi Mwanakombo.

Nikabonyeza Enta, na Mseto ikawa sheli ya kila mtu katika mashine ile. Nikainakili kwenye disketi mbili, nikampa dereva dirishani, nikasimama mpaka gari likapinda getini nisiweze kulikimbilia. Nikaichapisha ile mistari miwili kwenye karatasi ya kumpelekea meneja pamoja na funguo. Printa, kwa mara ya kwanza tangu niijue, haikuchelewa.

Mlango wa meneja ulikuwa wazi. Alikuwa ndani, ananiona, namwona. Nikapiga hodi.